Nimenunua Amplifaya ya Valvu. Je, Nimepigwa?

Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Sogea, Tunduma. Kazi yangu ni kufuatilia nyaraka za malori kwa wakala mmoja wa forodha hapa mpakani. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Tulipopanga si mbali na barabara kuu, kwa hiyo usiku kucha ni injini za malori yaliyoko kwenye foleni. Ndiyo maana nilianza kusikiliza muziki kwa hedifoni, nikanogewa.

Baadaye nikaona mtandaoni amplifaya ya hedifoni yenye valvu. Ni kiboksi kidogo, juu yake valvu mbili zimeandikwa 6J1, kinatumia adapta ya volti 12. Wanaoisifia wanasema sauti yake ina "joto". Nikaagiza. Mpaka inafika mkononi ilikuwa imekula shilingi 350,000. Mke wangu nilimwambia 60,000. Hela yenyewe ilikuwa ya bati za nyumba tunayojenga Mpemba.

Usiku wa kwanza, Shangazi, machozi yalinilengalenga. Niliweka nyimbo za zamani za Radio Tanzania, nikasikia kila uzi wa gitaa. Nililala saa nane. Sasa ni wiki ya tatu na furaha imeyeyuka. Nikiunganisha na laptopu nasikia mngurumo nyuma ya muziki. Upande wa kushoto unalia "ting" kila lori zito likipita. Kioo kinaunguza. Rafiki yangu alikuja akachungulia, akacheka, akasema rangi ile ya moto chini ya valvu ni taa ya LED tu, na kazi yote inafanywa na transista. Fundi mmoja hapa mjini anasema valvu zote mbili zimekufa, nimpe 90,000 anitafutie nyingine Nakonde. Mke wangu bei haijui, ila juzi alisema: "Siku hizi nakuita mara tatu hunisikii."

Je, nimepigwa? Niiuze? Na mke nimwambie nini?

Msikilizaji, Sogea


Mwanangu,

Nianze na fundi, kwa sababu ndiye mwenye haraka na pesa yako. Usimpe hata mia mpaka umefanya jaribio moja ambalo halihitaji bisibisi. Zima amplifaya, chomoa adapta ukutani, iache nusu saa ipoe. Ishike valvu ya kushoto karibu na kitako chake, itikise taratibu huku ukiivuta juu, moja kwa moja, isilale upande. Chini utaona vijiti saba vyembamba. Itoe na ya kulia. Sasa zibadilishe: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Kabla hujasukuma, tazama vizuri. Vijiti vile havikujaza duara lote, pana pengo moja, na kwenye soketi pana pengo kama hilo. Yapatanishe. Ukilazimisha vitapinda, na hapo ndipo utakuwa umejitafutia hasara ya kweli.

Washa, subiri kama dakika moja, kisha gonga kila valvu kidogo kwa upande wa nyuma wa penseli. Kila moja italia kidogo kwenye hedifoni, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni ile inayolia kama kengele na kuchelewa kunyamaza. Kama kelele imehamia kulia, basi valvu moja ina ulegevu ndani, moja tu. Kama imebaki kushoto, valvu hazina kosa lolote, tatizo liko kwenye soketi au kwenye saketi. Huyo aliyekwambia zote mbili zimekufa hakuzihamisha hata mara moja. Alikuwa anapima mfuko wako. Valvu iliyokufa haipitishi muziki, na wewe hukuniambia kuna upande ulionyamaza.

Na hiyo 90,000! 6J1 ni valvu ya Kichina, ndugu wa karibu wa 6AK5 ya Kimarekani, iliyotumika kwenye mitambo ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Zilitengenezwa kwa wingi usio na kifani, na mpaka leo moja huuzwa dola chache tu. Nakonde utapata mengi, wewe unajua kuliko mimi nini kinavuka geti lile kila siku, lakini valvu ukiihitaji utaiagiza hukohuko ilikotoka amplifaya yako. Agiza mbili kwa mpigo, weka moja akiba. Ila usiagize leo. Kwanza tujue kama unaihitaji.

Walionizoea kwa barua za mawifi na mahari watashangaa Shangazi anaongea habari za soketi. Kabla sijaanza safu hii nilikaa kwenye chumba cha mitambo cha redio, na mpaka leo nikiona mtu anauziwa kifaa kizima kwa jina la kibovu nawashwa mikono.

Sasa hiyo "ting" na malori. Ndani ya kile kioo hakuna hewa. Kuna bomba jembamba la chuma linalopashwa moto, kuna koili ya waya mwembamba sana inayolizunguka, na nje yake kuna kopo dogo la bati. Bomba likipata moto linatoa elektroni, nazo zinakimbilia kwenye lile kopo lenye umeme chanya. Njiani zinapita kwenye ule waya unaoitwa gridi, na gridi ni geti la mpakani: mkono wa geti ni mwepesi, kijana mmoja anauinua kwa mkono wake, lakini ukipanda kidogo malori ya tani thelathini yanapita, ukishuka yanasimama. Sauti hafifu kutoka kwenye laptopu yako ndiyo inayoinua na kushusha mkono ule, na umeme mkubwa unaopita nyuma yake unachezea mdundo uleule. Huko ndiko kukuza sauti. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, bila gridi. Mmarekani Lee de Forest akaingiza gridi miaka miwili baadaye. Redio, simu za masafa marefu na sinema zenye sauti zote zilipita kwenye mlango huo.

Kwa vile vitu hivyo vimesimama kwa vishikizo vyembamba ndani ya kioo, vikitikiswa vinatikisika, na mtikisiko ukifika kwenye gridi unageuka sauti. Wewe unaishi kando ya barabara inayobeba shehena kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, ardhi inatetemeka saa zote. Ungekuwa Ileje milimani huenda usingeisikia ting hiyo kamwe. Chukua kandambili iliyochakaa, kata vipande vinne, viweke chini ya kiboksi. Kama bado, tafuta kipande cha godoro la sponji, weka ubao mdogo juu yake, halafu amplifaya juu ya ubao. Usiizungushie wala kuifunika kwa sponji, inahitaji kupumua. Kioo kuwa cha moto ndiyo hali yake, kisipokuwa na moto ndipo uulize. Ila una mtoto wa miaka miwili, na mtoto wa umri huo kitu kinachowaka hakiachi. Kiweke juu asipofika, na waya wa adapta usining'inie mezani.

Mngurumo ni jambo jingine, usiuchanganye na ting. Chomoa waya unaotoka kwenye laptopu ukiacha amplifaya inawaka. Mngurumo ukiisha, chanzo hakiko kwenye valvu: laptopu iko kwenye chaji, chaji yake na adapta yako zinakutana kupitia waya wa muziki, na umeme wa ukutani wa hezi 50 unapata njia ya kuzunguka. Dawa yake ni bure. Sikiliza laptopu ikiwa kwenye betri, au chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukibaki hata baada ya kuchomoa, washuku adapta. Azima nyingine kabla hujanunua, iwe na volti zilezile, ampea zisizopungua, na aina ileile ya umeme. Soma maandishi mgongoni: zipo zinazotoa AC na zipo zinazotoa DC, na plagi zake hufanana kabisa. Ukikosea hapo moshi utakujibu.

Kuna kelele ya tatu ambayo hukuitaja, lakini nina hakika unaipata: trrr-trrr-trrr, inakuja na kuondoka. Hiyo ni simu yako. Hapo mpakani simu inavutwa na minara ya nchi mbili, mara inakukaribisha Zambia na hujatoka kitandani, na kila inapotafuta mtandao inarusha mawimbi kwa nguvu. Valvu iliyo sentimita ishirini kutoka hapo inayadaka. Ihamishie simu upande wa pili wa chumba.

Umeme ukikatika usisubiri urudi. Chomoa. Ule mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua adapta, na hiyo ndiyo sehemu ya kifaa chako iliyo rahisi kufa. Na kila unapowasha, hedifoni ziwe mezani na sauti iwe sifuri, uvae baada ya dakika moja. Saketi inapopata moto huweza kutoa mshindo, na mshindo huo usiupeleke kwenye ngoma ya sikio.

Tuje kwa rafiki yako aliyecheka. Alisema kweli nusu. Mwanga wa valvu yenyewe unatoka kwenye uzi ulio ndani ya lile bomba. Kwenye 6J1 uzi huo unakula wati moja hivi tu, mwanga wake ni chungwa hafifu, unaonekana katikati kwenye upenyo mdogo, na unachelewa kuja. Zima taa ya chumba, washa amplifaya, utazame. Kama kuna mwanga mkali unaotoka chini ya kioo sekunde ileile uliyobonyeza swichi, huo ni LED, umewekwa kwa ajili ya picha za dukani. Mimi naona ni ujanja wa kitoto, lakini si wizi. Ukikuudhi, kipande cha utepe mweusi kinatosha.

Kuhusu transista yuko sahihi pia, ila hakujua maana yake. Vikiboksi vingi vya aina yako ni chotara: valvu inashughulika na sauti ikiwa bado changa, kisha transista zinaisukuma hedifoni. Zaidi ya hapo, 6J1 ilitengenezwa kufanya kazi kwenye volti 120 mpaka 180, na kwenye kiboksi cha adapta ya volti 12 mara nyingi hupewa sehemu ndogo tu ya hizo. Wapenzi wa valvu wanaita hiyo kuinyima chakula, na wanabeza. Waache wabeze. Amplifaya ya valvu tupu isiyo na transfoma ya kutolea sauti ina ukinzani mkubwa mlangoni, mara nyingi ohm kadhaa kumi, na inataka hedifoni ngumu za ohm 300. Sasa tazama hedifoni zako, huenda zimeandikwa 32. Zikutanishe na mashine ile ya kifahari, besi italegea kama ugali wa maji, na ungekuwa umelipa mara tatu ya ulicholipa. Zile transista anazozicheka rafiki yako ndizo zilizookoa muziki wako. Juu ya hilo, mashine ile inabeba volti mia mbili na zaidi ndani, na kapasita zake zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Kwa nyumba yenye mtoto na fundi wa aina hiyo jirani, nafurahi ulinunua ya volti 12.

Sasa usiku wa kwanza. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu barua yako yote inaning'inia hapo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ulikuwa umeingojea, ulikuwa umeilipia, taa zimezimwa, kioo kinang'aa. Ungeweka wimbo wowote ungelengwa na machozi. Lakini kuna sababu ya pili isiyohusu moyo. Amplifaya inatoa sauti kubwa kuliko simu, na sikio la mwanadamu likisikia sauti kubwa kidogo halisemi "hii ni kubwa", linasema "hii ni nzuri". Mwaka 1933 watafiti wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walipima jambo hilo: sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza, ikipanda besi inarudi na kila kitu kinajaa. Wauzaji wa spika wanajua hivyo, ndiyo maana ile wanayotaka ununue wanaifungulia zaidi kuliko jirani yake.

Ile gitaa ya Radio Tanzania ilikuwemo kwenye simu yako siku zote. Studio ile ya Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa utaalamu mkubwa, na wengi wetu tulizisikia kwa spika moja ndogo ya redio ya betri, jikoni, sufuria zikigongana. Ukiziweka kwenye hedifoni nzuri zenye sauti ya kutosha, utasikia hata mpiga besi anavyoteleza kidole. Sifa nyingi za usiku ule nazipa hedifoni na wale mafundi mitambo, zilizobaki ndiyo za valvu. Zipo, sikatai. Valvu ikipokea noti ya hezi 220 inairudisha pamoja na chembe ya hezi 440, yaani noti ileile oktavu moja juu. Kitaalamu huo ni uchafu. Kimuziki ni uchafu unaopatana na noti yenyewe, kwa hiyo sikio linaupokea kama unene. Hilo "joto" ndilo hilo, na ni kidogo kuliko wanavyoandika wauzaji.

Hata hivyo, nikuambie jambo la ng'ambo ya pili ya mpaka wako. Mwaka 1949, Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, mkuu wa idara ya habari pale Lusaka, Harry Franklin, alikuwa akiwasumbua watengenezaji wa Uingereza wamtengenezee redio ya bei ambayo Mwafrika wa kawaida angeimudu. Kampuni ya Ever Ready ikakubali. Kasha la redio yenyewe lilitokana na sufuria ya alumini isiyo na mkono, ikapakwa rangi ya buluu, na ikajulikana kwa jina hilohilo la sufuria. Iliuzwa pauni 5, betri mbali. Ndani yake kulikuwa na valvu, transista ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa maabara mwishoni mwa 1947. Valvu zile hazikununuliwa kwa sababu ya joto la sauti. Wanunuzi walitaka habari na nyimbo kwa lugha zao kutoka Radio Lusaka, na walitaka betri isiishe haraka. Transista za bei rahisi zilipofika, watu wa pande zote mbili za mpaka walizihamia, na nawaelewa. Kwa hiyo mtu akikwambia valvu ni sauti ya kweli iliyopotea, ujue kuwa ni mtu asiyewahi kubeba betri ya redio ya valvu.

Lakini wiki ya tatu nayo inadanganya, mwanangu. Ukishaambiwa kuna kasoro, unaacha kusikiliza muziki, unasikiliza kasoro. Ndiyo maana sitaki uuze kwa hasira wala uibakize kwa aibu. Jaribu kwa haki. Weka wimbo mmoja unaoujua kwa moyo. Chukua programu ya bure ya kupimia desibeli kwenye simu, ishikize kwenye mto wa hedifoni, rekebisha mpaka laptopu peke yake na laptopu ikipitia amplifaya zinakupa kipimo kimoja, maana hata desibeli moja inatosha kukudanganya. Kisha geukia ukuta, mtu mwingine abadilishe waya bila kukwambia, nawe useme ni ipi. Rudieni mara nyingi, aandike. Ukishindwa kuzitofautisha, usijisikie mjinga, wataalamu wenye masikio ya kulipwa wamewahi kushindwa majaribio ya namna hiyo. Ukizitofautisha na ukaipenda ya valvu, ibakize na umfunge rafiki yako mdomo kwa karatasi ile.

Huyo mtu wa kubadilisha waya awe mkeo. Ndiyo maana kabla ya jaribio kuna mazungumzo.

Umeniuliza kama uiuze, na mkeo umwambie nini. Mwanangu, kuuza kwanza ndipo useme ni kutafuta njia ya kusema bila kusema. Na hapo Tunduma utamuuzia nani amplifaya ya valvu? Utapata nusu ukibahatika, na bado kutakuwa na pengo ambalo utalitungia hadithi ya pili. Mwambie ukiwa bado nayo. Mtoto akishalala, toa risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu, mwekee mbele, sema: "Nilikwambia elfu sitini. Ilikuwa laki tatu na nusu, na ilitoka kwenye bati." Basi. Usiongeze habari za valvu, usiseme wenzako wananunua pombe, usiseme ni kwa sababu ya malori. Mwache akasirike, ana haki ya 290,000 za hasira, na usimhesabie muda. Halafu mwambie utazirudishaje. Wewe unajua mwezi upi malori ni mengi na posho inapanda. Taja kiasi, taja tarehe, na pesa ya kwanza aishike yeye, si wewe. Bati zikipanda bei kabla hujamaliza, tofauti hiyo nayo ni yako.

Kuna jingine. Umenielezea gitaa, valvu, adapta, foleni, rafiki, fundi. Barua nzima haikunitajia mkeo anapenda wimbo gani. Na maneno yake pekee uliyoyaandika hayahusu pesa hata kidogo: anakuita mara tatu humsikii. Yeye bei haijui na tayari ana lalamiko, kwa hiyo usidhani ukilipa bati umemaliza. Kiboksi chako huenda kina nguvu ya kuendesha hedifoni jozi mbili. Kile kiplagi cha kugawa njia mbili kinauzwa kwenye vibanda vya vifaa vya simu kwa bei ya chipsi. Nunua hedifoni ya pili ya kawaida, ifanane na yako au isifanane, na wimbo wa kwanza achague yeye. Akikwambia hataki mambo hayo ya kujiziba masikio, zichomoe, weka spika ndogo, msikilize pamoja kwa sauti ya chini. Amplifaya itakungoja, haina wivu. Na saa ambazo mtoto yuko macho usivae kabisa.

Hizo hedifoni zenyewe hebu zigeuze utazame nje. Zikiwa na matundu au wavu, ni za wazi, na haziwezi kuzuia lori lolote. Unapandisha muziki ili uizidi injini, usiku baada ya usiku, na hicho ndicho kitakachokugharimu kuliko 350,000. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha masaa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukifika 90 yanabaki masaa 4 tu. Ukikesha mpaka saa nane kama usiku ule wa kwanza, unayamaliza kwa siku mbili. Kama ni za wazi, badala ya kununua valvu tafuta za kufunga, zenye mito minene inayozunguka sikio lote. Kelele ya foleni itashuka yenyewe, nawe utashusha sauti bila kulazimishwa. Na kama nyimbo zako ulijaziwa kwenye fleshi kibandani, nyingi zimebanwa mpaka matoazi yanalia kama mafuta kwenye kikaango. Valvu haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa. Tafuta nakala nzuri za nyimbo chache unazozipenda, ufute mia tatu zisizo na kazi.

Ulitaka jibu la moja kwa moja, umepigwa au hukupigwa. Na muuzaji, hapana. Ulilipa bei ya juu kidogo kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya maneno matamu, lakini ulipata kifaa kinachofanya kazi na kinachofaa hedifoni zako. Na fundi, bado, maana hujamlipa. Na wewe mwenyewe, ndiyo, 290,000, na hilo ni kati yako na mkeo, mwenzako wa nyumba ya Mpemba.

Fanya kwa mpangilio huu: mkeo leo, kandambili kesho, valvu Jumamosi ukiwa huna haraka. Ukishazibadilisha, niandikie ting imehamia wapi. Ikiwa imebaki kushoto, usiifungue mwenyewe. Mtafute fundi atakayekubali kuweka mita mezani na kukuonyesha namba mbele ya macho yako kabla hajataja bei, Tunduma hapo au Vwawa. Akikataa kukuonyesha, beba kiboksi chako uondoke.

Shangazi